Modeli ya 3D ya mji: anza na ardhi, majengo yatafuata

Ukitaja modeli ya 3D mbele ya watu wa mipango miji, wengi huiona kichwani ile picha ya kupendeza: maghorofa ya vioo, nyasi mbichi, mtu anatembeza mbwa. Kwa kupanga Mtwara picha hiyo haina kazi. Haikuambii maji ya Machi yatapita wapi, wala ghorofa tatu zikisimama kando ya barabara kivuli chake kitaangukia uwanja wa nani. Modeli ya kupangia mji huwa haina sura nzuri. Ardhi ni ya rangi moja, nyumba ni maboksi, mitaro ni mistari. Ila kila kimo kilichomo kimepimwa.

Kimo ndicho kinachosumbua huku kwetu. Mji wa Mtwara ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Mpango wa Karanga, mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga, ukapewa barabara pana na nafasi ya kutosha, na maeneo mengi yake ni tambarare. Kwenye tambarare nusu mita ndiyo inayoamua nani analala pakavu. Lindi ni kinyume chake: unaacha ufukwe, hatua chache unapanda mlima. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kwenye mteremko wa asilimia 15 kina tofauti ya mita 4.5 kati ya mbele na nyuma. Kwenye mchoro wa mipango miji ni mstatili safi kabisa. Mwenye nyumba atagundua siku ya kuchimba msingi kwamba anahitaji ukuta wa kuzuia udongo, na ukuta huo unaweza kumla bajeti ya chumba kizima.

Kabla ya kurusha droni, malizana na mfumo wa kuratibu, yaani namna namba zinavyotaja mahali juu ya dunia. Michoro mingi ya zamani iko kwenye Arc 1960, vifaa vya sasa vinatoa WGS 84, na zote mbili zinatumia UTM (gridi ya mita) kanda ya 37 Kusini. Namba zinafanana kwa sura, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Ukizichanganya bila kubadilisha, mji unahama karibu mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini. Kosa kubwa namna hiyo afadhali, maana linaonekana. La hatari ni la kimo. Kifaa cha setilaiti hupima kimo kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, si kutoka usawa wa bahari, na katika pwani yetu umbo hilo liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 20. Ndiyo maana ufukwe wa Shangani, Mtwara, husomeka kama uko mita ishirini na kitu chini ya bahari. Tumia modeli ya jioidi, yaani uso unaokadiria usawa wa bahari, EGM2008 inatosha kwa kuanzia, kisha linganisha na alama ya kimo iliyopimwa na wapimaji ardhi. Baadhi ya programu hufanya marekebisho haya zenyewe na nyingine hazifanyi. Ukifanya mara mbili bila kujua, mji unapaa.

Data za bure za setilaiti, kama SRTM na Copernicus za mita 30, zinafaa kuonyesha umbo la mkoa. Kwa mtaa hazifai. Zinapima kilele cha kinachoonekana kutoka juu, na pembezoni mwa mji kinachoonekana ni mikorosho na miembe. Shamba la mikorosho litatokea kama kilima kidogo, na mfereji utakaouchora hapo utazunguka kilima kisichokuwepo.

Kwa hiyo droni. Kibali chake hupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Wizara ya Ulinzi, na Mtwara ina bandari na uwanja wa ndege, basi anza makaratasi mapema. Kwa droni ya daraja la Mavic 3 Enterprise, ukiruka mita 100 kutoka ardhini kila pikseli inabeba kama sentimita 2.7. Picha zipishane asilimia 80 kwa mbele na 70 kwa ubavuni. Kwa mpangilio huo eneo la hekta 40 linatoa picha kama 450 hadi 500, na kompyuta yenye RAM ya GB 32 inaweza kuzichakata kwa programu ya WebODM, ambayo ni ya bure. Ukitaka kuta za nyumba zionekane vizuri utahitaji pia picha za kuinamisha kamera, na hapo idadi inaweza kuzidi mara tatu au nne. Jiulize kwanza kama swali lako linahitaji kuta. Swali la mafuriko halihitaji.

Ruka kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Mapema kuliko hapo vivuli ni virefu mno, na baadaye upepo wa kusi unachangamka, makuti ya minazi yanacheza na kila mnazi unatoka kama pamba iliyokwama hewani. Mawingu mepesi yasikukatishe tamaa, yanapunguza vivuli. Bati jipya linalong'aa huacha matobo kwenye wingu la nukta (nukta za 3D ambazo programu huzitoa kwenye picha), uso wa maji hutoa takataka tupu, na nyaya za umeme hazionekani kabisa.

Alama za ardhini, yaani vituo vilivyopimwa vinavyoonekana kwenye picha, ndizo zinazofanya watu wavivu kuumbuka. Kwa hekta 40 weka tano hadi nane: pembeni zote, na angalau moja au mbili katikati. Msalaba wa chokaa juu ya udongo mwekundu unaonekana vizuri, ila uwe na mkono wa sentimita 50 hivi na kitovu chenye ncha kali, si doa la ndoo iliyomwagika. Pima kitovu kwa RTK, kipokezi cha setilaiti kinachopima kwa usahihi wa sentimita. Ongeza alama tatu au nne ambazo huziingizi kwenye uchakataji, hizo ni za kuhakiki tu. Programu itakupa ripoti inayosema kosa ni sentimita mbili, lakini hiyo ni kwa alama ilizopewa, ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani. Kosa la kweli ni lile la alama za kuhakiki.

Bila alama za katikati, na picha zote zikiwa za kutazama chini moja kwa moja, ardhi tambarare hutoka na mgongo. Katikati inavimba au inabonyea, pengine kwa nusu mita. Kwa macho huwezi kuligundua. Utaligundua ukimwaga maji kwenye modeli, nayo yakakimbilia kingo zote za eneo kwa pamoja, au yakakusanyika katikati. Mstari mmoja au miwili ya picha za kuinamisha, na ile alama ya katikati, vinamaliza tatizo.

Baada ya hapo utakuwa na nyuso mbili, na kuzichanganya ndiyo ajali ya kila siku. Ya kwanza inabeba kila kitu, paa na miti humo humo. Ya pili ni ardhi tupu, ambayo programu huikisia kwa kuchuja. Chini ya mwembe uliofunga, kamera haikuona ardhi hata nukta moja, kwa hiyo programu inavuta mstari kutoka ukingo mmoja wa kivuli hadi mwingine. Kama mtaro unapita chini ya mwembe huo, umeshafutwa. Hapa hakuna ujanja wa kompyuta. Nenda na RTK, na pale ambapo majani yanazuia mawimbi chukua leveli, upime sakafu ya mtaro na kingo zake, kisha uziingize kama mistari ya kuvunja uso, inayoiambia programu kwamba ardhi inakunjika hapo.

Kalavati nazo. Droni inaona barabara ikipita juu, haioni tundu lililo chini. Modeli inageuza kila tuta la barabara kuwa bwawa, maji yanajaa upande mmoja, na mtu anaandika ripoti kwamba mtaa mzima unazama. Kata tuta kwenye kila kalavati, kwa upana wake halisi na kimo cha sakafu yake, na uandike kama iko wazi au imeziba kwa mchanga. Orodha ya kalavati iliyopatikana kwa kutembea mtaani na mwenyekiti wa mtaa, na mzee mmoja au wawili wanaokumbuka maji yalifika wapi, ina thamani kuliko kuongeza ubora wa picha.

Mikindani ina jambo lake la ziada, bahari. Barabara na majengo ya kale viko kando ya maji, na wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Namba kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa zinahesabiwa kutoka sifuri ya ramani za bahari, iliyo karibu na kina cha kupwa kukubwa kabisa. Haihesabiwi kutoka wastani wa usawa wa bahari. Ukiichukua namba ya jedwali na kuiweka moja kwa moja juu ya ardhi yako, umeizamisha Mikindani kwa karibu mita 2 za uongo. Ukishasawazisha, ongeza juu yake kimo cha dhoruba unachotaka kujaribu. Sababu ya kujaribu ipo: kimbunga kiliipiga Lindi Aprili 1952, na Kenneth cha Aprili 2019 kilitua kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Chora pia mstari wa mita 60 kutoka baharini unaotajwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Ukionekana juu ya ardhi na nyumba zake, mabishano ya mkutano yanapungua sana.

Sasa majengo, na hapa nitakwenda haraka. Maboksi yanatosha kwa karibu kila kitu. Chukua mipaka ya paa kutoka OpenStreetMap au Open Buildings ya Google, toa uso wa ardhi kwenye uso wa juu, kisha kwa kila paa panga vimo vyake vyote na uchukue cha katikati, si cha juu kabisa. Mnazi mmoja ukiinamia paa, kimo cha juu kabisa kinaigeuza nyumba ya chini kuwa ghorofa nne. Kumbuka pia kwamba kinachopimwa kutoka angani ni paa, si ukuta. Nyumba ya mita 10 kwa 8 yenye upenu wa sentimita 60 pande zote ina paa la mita za mraba 103 badala ya 80. Anayehesabu sehemu ya kiwanja iliyojengwa atamwonea mwenye nyumba kwa karibu asilimia 29.

Ukihamishia kazi Blender, programu ya kuchora 3D, ukaona kuta zinatetemeka, usilaumu kompyuta. Namba ya kaskazini ya Mtwara kwenye UTM ni kama 8,864,000. Programu inayohifadhi namba kwa biti 32 inashindwa kutofautisha chini ya mita moja ikishavuka 8,388,608, kwa hiyo kona za nyumba zinarukia mita iliyo karibu. Toa 620,000 upande wa mashariki na 8,860,000 upande wa kaskazini kabla ya kuhamisha. Viandike viwango hivyo kwenye jina la faili, si kwenye daftari lako.

Vivuli vinahitaji uangalifu, kwa sababu programu nyingi zimetengenezwa na watu wa kaskazini ya dunia. Usipoweka mahali, jua litapita kusini mwaka mzima kama Ulaya. Mtwara iko karibu nyuzi 10 na robo kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini karibu tarehe 22 Februari na tena karibu 20 Oktoba. Katikati ya Juni liko kaskazini, na saa sita na dakika ishirini hivi mchana jengo la mita 12 linatupa kivuli cha mita 8 kuelekea kusini. Desemba kivuli cha jengo hilohilo ni chini ya mita 3, kuelekea kaskazini. Lakini mchana si tatizo kubwa. Jaribu saa tisa na saa kumi alasiri, ukuta wa magharibi unapopigwa moja kwa moja. Hapo ndipo utajua upande upi wa barabara unastahili miti na upande upi baraza la duka linatosha.

Kwa wananchi, usionyeshe mji kutoka angani. Hakuna anayeuona mtaa wake akiwa ndege. Weka kamera kwenye kimo cha mita 1.6, simama mahali wanapopajua, mathalani barabarani Mikindani ukitazama Boma la Wajerumani la 1895, kisha washa na kuzima jengo linalopendekezwa. Kiwango cha kuza kisibadilike kati ya picha hizo mbili, maana lenzi pana hulifanya jengo lionekane dogo na mwekezaji analijua hilo. Weka miembe na bajaji, toa ile miti ya maktaba ya programu. Toleo la simu lisizidi MB 20, vinginevyo bando la mtu linaisha kabla hajaona nyumba yake.

Kama hakuna projekta, katoni inafanya kazi vizuri, na wazee huishika kwa mikono. Kwa kipimo cha 1:1000 kilomita moja inakuwa mita moja, na kila tabaka la milimita 2 ni kontua, yaani hatua ya kimo, ya mita 2. Kwa Lindi hiyo inatosha. Kwa Mtwara itatoka kama meza, hivyo fanya kila tabaka liwe mita 1 na uandike ubavuni kwa herufi kubwa kwamba urefu umekuzwa mara mbili.

Faili za kutunza ni chache: uso wa ardhi, alama zenye vimo vyake, orodha ya kalavati, na mipaka ya nyumba. Rangi na picha nzuri zinaweza kutengenezwa upya wakati wowote. Kila kibali cha ujenzi kikitoka, boksi lake liingizwe wiki hiyohiyo na mtu wa ofisi mwenye jukumu hilo, na kila baada ya masika alama za maji ukutani zipimwe kimo na kulinganishwa na modeli ilivyosema. Zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 20, kagua kalavati kwanza.