Mpaka wa mjane

Biblia niliyorithi kwa mama imelegea kurasa kwenye Mithali. Kando ya 22:28, pale tunapokatazwa kuondoa alama ya mpaka wa zamani, kuna mstari wa penseli aliouchora mwenyewe. Baba alipofariki, jirani alisogeza mpaka wa shamba letu, na mama hakuwa na wa kumsemea. Nilikuwa mdogo. Namkumbuka tu asubuhi ile akitafuta minyaa ya mpaka iliyong'olewa.

Jana usiku nimesoma mafundisho ya Amenemope, karani wa Misri ya kale. Kazi yake ilikuwa nafaka na mashamba, katika nchi ambayo Mto Nile ulifurika kila mwaka ukafuta alama za mipaka, ikabidi watu wapime upya. Ndiyo maana sura yake ya 6 inanichoma: usitamani dhiraa ya ardhi, wala usiingilie mpaka wa mjane.

Hati yake ya mafunjo iliingia Makumbusho ya Uingereza kwa mkono wa Wallis Budge, mtaalamu wa Misri ya kale aliyeifanyia kazi makumbusho hiyo, mwaka 1888. Ilipochapishwa mwaka 1923, haikupita muda Adolf Erman, mtaalamu Mjerumani wa Misri ya kale, akaonyesha jinsi inavyokaribiana na Mithali 22:17 hadi sura ya 23. Amenemope ana sura 30. Na neno gumu la Kiebrania kwenye Mithali 22:20 sasa wengi hulisoma "thelathini". Amenemope anasema mali iliyoibwa huota mabawa kama bata bukini ikarukia mbinguni. Mithali 23:5 inasema kama tai. Huyo bukini ni wa kingo za Nile, tai ni wa milima ya Yuda, na mimi napenda sana kwamba mwandishi wa Kiebrania alibadilisha ndege. Alichokipokea alikifanya kiishi kwake, chini ya jina la Bwana.

Zamani ningeogopa habari hii, kana kwamba Maandiko yamepunguziwa kitu. Jana sikuogopa. Nilirudi kwenye 23:10, mpaka ule ule unapotajwa tena, nikaona kwamba hapo Mithali inataja mashamba ya yatima. Mmisri alimtaja mjane. Nilikaa na hati hizo mbili mpaka taa ikaanza kufifia: mjane huku, yatima kule, na shamba moja katikati.

Mama hakuwahi kulisikia jina la Amenemope. Ningemsomea ule mstari wa dhiraa, naye angeniomba penseli.