Sauti ya Pili na Gauni la Njano

Wanakwaya wenzangu watanielewa haraka. Ukiwa sauti ya pili, ile ya chini ya wanawake, kazi yako ni kujaza. Anayeanzisha wimbo ni sauti ya kwanza, anayepewa maiki kwenye ubeti wa katikati ni sauti ya kwanza, hata yule anayesimama mbele kwenye video, mkono juu, mawe ya Bismarck ya hapa Mwanza yakionekana nyuma yake, naye ni sauti ya kwanza. Sisi tunashikilia chini. Nimeimba sauti hiyo tangu shule ya Jumapili, Igoma, na naipenda kwa moyo wote. Kwa hiyo siku mteja mmoja alipofungulia simu yake hapa kibandani kwangu, Mlango Mmoja, na mwanamke akaanza kuimba kwa sauti nzito ya chini yenye mikwaruzo, nilitoa mguu kwenye cherehani nikasikiliza hadi mwisho. Hakuna mtu aliyemlazimisha huyo kupanda juu. Anakaa kule kule chini na wimbo mzima unamfuata.

Ni Lauren Daigle, Mmarekani, mzaliwa wa Lake Charles katika jimbo la Louisiana, mwaka 1991. Wimbo niliousikia ni You Say, uliotoka mwaka 2018. Unaanza na piano tu, halafu yeye, na anachokiimba ni vita ya mtu na sauti za kichwani mwake zinazomwambia kwamba hatoshi, kisha anaziweka sauti hizo pembeni na kushika anachosema Mungu juu yake. Kingereza chake si kigumu, hata binti wa sekondari anaufuata. Kwenye chati ya nyimbo za Kikristo ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ulikaa namba moja kwa zaidi ya wiki 100, na ukavuka hadi kwenye chati kuu ya nyimbo zote, ukafika nafasi ya 29. Albamu yenye wimbo huo, Look Up Child, iliingia moja kwa moja nafasi ya 3 kati ya albamu zote za Marekani wiki ilipotoka. Mwaka uliofuata akapata tuzo mbili za Grammy, moja ya albamu na nyingine ya wimbo. Nayataja haya kwa sababu bado kuna walimu wa kwaya wanaoamini kwamba sauti ya chini ya mwanamke haiuzi.

Lakini kilichonifanya nimpende si chati. Ni ushuhuda wake. Akiwa na miaka 15 alipata ugonjwa wa virusi, cytomegalovirus, ukamtoa shuleni karibu miaka miwili. Binti wa umri huo, wenzake wanacheza, wanafanya mitihani, yeye yuko ndani. Ndipo alipoanza masomo ya kuimba, na amesimulia mwenyewe kwamba katika maombi ya kipindi kile Mungu alimwonyesha majukwaa ambayo hakuwa na njia yoyote ya kuyafikia. Baadaye akaenda kwenye usaili wa American Idol, shindano la kuimba la televisheni, zaidi ya mara moja, na hakufika fainali. Albamu yake ya kwanza ilikuja mwaka 2015.

Sisi hapa nyumbani habari ya namna hiyo si ngeni. Mwimbaji wetu wa injili, Rose Muhando, amesimulia jinsi alivyougua utotoni miaka mingi, akiwa bado katika familia ya Kiislamu, na jinsi alivyomwona Yesu kitandani akapona. Akaanzia kwenye kwaya ya kanisa la Anglikana Dodoma, na baadaye akatia saini mkataba na kampuni ya muziki ya Sony. Watu wawili wasiofanana kwa lolote, lakini wote wawili wanaimba kama waliorudishwa. Usipojua hilo utashangaa kwa nini Rose anaruka vile jukwaani, na utashangaa kwa nini Lauren anavaa vile.

Sasa nije kwenye mavazi, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Lauren anapenda rangi. Si rangi moja ya kuchangamsha nguo nyeupe. Ni rangi juu ya rangi, nguo pana zinazotembea naye, na kofia za ukingo mpana ambazo zimekuwa kama saini yake. Nimeangalia picha zake nyingi kwa jicho la fundi. Kuna jambo watu wa mitindo hawalisemi: karibu kila anachovaa kina nafasi mbavuni. Mwimbaji wa sauti ya chini anapumua kutoka tumboni, na mbavu zinafunguka pembeni. Gauni linalobana pale linamwibia pumzi kabla hajafika mwisho wa mstari. Mabinti wengi wa kwaya wanakuja kwangu wakitaka sare iwabane kiunoni, "fundi, itoe shepu", halafu siku ya tamasha wanakata neno katikati. Mimi siku hizi nampima mwimbaji akiwa amevuta pumzi na kuishikilia. Tepu inaongezeka, na lile ongezeko ndilo nashona nalo.

Kuhusu rangi zenyewe, nina mawazo yangu. Nimeshona muda mrefu wa kutosha kuona kwamba mtu aliyetoka kuugua sana hachagui kitambaa cha kijivu. Mama aliyeshuka hospitali ya Bugando baada ya kulazwa wiki nyingi anapitisha mkono juu ya magora yote, anaacha bluu ya kiza, anaacha kahawia, anasimama kwenye nyekundu. Wajane nao, matanga yakishavunjwa na muda ukapita, wanarudi kutafuta maua. Kwa hiyo ninapomwona Lauren amejifunika machungwa na waridi na kijani kwa pamoja, sioni majivuno. Namwona binti aliyefungiwa chumbani miaka miwili na sasa yuko nje.

Si wote wanaoona hivyo. Mwaka jana binti mmoja anayeongoza sifa kanisani kwetu, sauti ya pili mwenzangu, alipewa wimbo wake wa kwanza wa kuongoza katika video mpya ya kwaya. Akaniletea picha ya Lauren akiwa na gauni pana, mikono imejaa mabegani, na akaniomba la njano. Habari zikafika kwa mama mlezi wa kwaya kabla hata sijakata kitambaa. Alikuja mwenyewe, akaketi kwenye benchi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia unamshonea binti gauni la Wazungu."

Nikamwonyesha picha. Akaiangalia kwa muda mrefu, kwa haki kabisa, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Siku ile watu watamtazama yeye, au watamsikia Bwana?"

Ni swali zuri, na mtu anayelipuuza hajui uimbaji wa kanisani. Mama huyu amelea kwaya tangu wakati wa mikanda ya kaseti, na amewaona waimbaji wakipotea kwa sababu ya kioo. Sikumjibu siku ile kwa maneno mengi. Nilikwenda nyumbani nikafungua Kutoka sura ya 28, pale Mungu anapoagiza mavazi ya Haruni. Someni kama mafundi, wapendwa. Anaanza na watu wa kazi, wale aliowajaza roho ya hekima ili washone. Kisha rangi: samawi, zambarau, nyekundu. Kisha anashuka hadi kwenye pindo la joho, anataka makomamanga ya rangi hizo hizo, na kati ya komamanga na komamanga njuga ya dhahabu, kuzunguka pindo lote. Mungu aliyekaa kupanga pindo la nguo kwa undani ule hawezi kuwa anachukizwa na njano.

Na Paulo? Kila anayetaka kutuvalisha kiza anakimbilia Timotheo wa kwanza, sura ya pili. Lakini orodha ya Paulo ni ya kusuka nywele, dhahabu, lulu na nguo za thamani. Rangi haimo. Anachokiandama ni gharama na kujionyesha. Hapo ndipo kwaya zetu zinapaswa kujiangalia, kwa sababu sare za kijivu za heshima zinaweza kuwa ghali mno. Nimewashonea mabinti waliokopa kikoba ili walipe sare ya lesi ya kutoka nje, na najua walioacha kwaya kimya kimya kwa sababu mwaka mmoja ulikuwa na sare za Pasaka, za mkutano wa injili, za uzinduzi na za Krismasi. Huo ndio ukosefu wa kiasi ninaouona mimi. Tunaishi katikati ya Usukuma, nchi ya pamba, na tunawavalisha watoto wetu poliesta inayowachemsha kwenye jua la saa nane.

Nguo za Lauren mwenyewe sizijui bei, na sidhani kama ni za watu wa kibanda changu. Sichukui kwake bei. Nachukua uhuru.

Basi nikamshonea binti. Poplini ya pamba, njano ya embe dodo lililoiva, kutoka maduka ya vitambaa ya mjini kati. Shingo niliipandisha hadi chini kidogo ya koo, urefu nikaushusha hadi kifundoni, na ndani nikatia bitana ya pamba, maana njano nyepesi jua likiwa nyuma yako inatoa siri zote. Marinda nikayaanzia juu ya kiuno ili mbavu zibaki huru. Kazi kubwa ilikuwa mikono. Nilikata upana karibu mara mbili ya kipimo cha bega, nikapitisha mishono miwili ya kulegea kwa nyuzi ndefu, kisha nikavuta uzi wa chini taratibu huku nikiisukuma mikunjo kwa kidole gumba, minene juu ya bega, ikipungua kuelekea kwapani. Ndani nikaficha kipande cha neti ngumu. Bila neti, poplini ikishapata jasho la nyimbo tatu inalala, na mkono uliojaa unageuka mkono uliochoka.

Kofia tuliiacha. Mchana upepo wa Capri Point unatoka ziwani moja kwa moja, na kofia ya ukingo mpana ingekwenda Igoma peke yake. Nikatoa kilemba kwenye kitambaa kile kile, nikakifunga kirefu kwa juu na kukibana kwa pini mbili nyuma. Mama mlezi alipokuja kukagua aligeuza gauni nje ndani, akaangalia bitana, akapima shingo kwa vidole vyake. "Limesitiri," akasema. Hakusema limependeza.

Siku ya kurekodi nilikwenda na sindano na uzi mfukoni, kama kawaida yangu. Wanaoijua Mwanza wanajua mawe yetu yalivyo, kijivu kitupu, na ziwa saa hizo linang'aa hadi macho yanauma. Kwaya nzima ilikuwa na sare ya bluu nzito. Kwa miaka yote tumekuwa tukipotea kwenye mawe yale kwenye video zetu. Binti akapanda jiwe la mbele akiwa na njano yake, mpiga picha akasema asisogee, na akaanza kuimba kule chini kwenye sauti yetu. Nilikuwa naangalia mbavu zake. Zilifunguka vizuri, mstari mrefu akaumaliza kwa pumzi moja, na gauni halikuvutika popote. Na swali la mama mlezi nililibeba hadi pale. Nawaambia nilichokiona: watu walimtazama, ndiyo, na kwa sababu walikuwa wanamtazama walimsikia. Wavuvi wawili waliokuwa wanatengeneza nyavu pembeni waliacha kazi. Mmoja alikuja kuuliza kanisa letu liko wapi.

Lauren naye alilaumiwa. Mwaka ule wa 2018 aliimba kwenye kipindi cha televisheni cha Ellen DeGeneres, kisicho cha dini, na baadhi ya Wakristo wenzake wakasema amekwenda pasipomfaa. Mimi naona wimbo ule ulikuwa na kazi kubwa zaidi pale kuliko mbele yangu niliyekwisha kuamini. Mwezi Februari 2025 alisimama New Orleans, jimboni kwao, akaimba kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, pamoja na mpiga tromboni Trombone Shorty, sauti ile ile ya chini. Kama hamjamsikiliza, anzeni na You Say, kisha albamu aliyoipa jina lake mwenyewe, ya mwaka 2023. Humo ala za matarumbeta za Louisiana zinasikika wazi, na mpiga besi wa kwaya yoyote atajifunza kitu.

Kwa wana kwaya wetu: kikao kimekubali sare ya Pasaka iwe kitambaa kimoja cha pamba, rangi ya machungwa, na kila mmoja achague mshono unaomfaa kwa mwili wake, ilimradi shingo na urefu vibaki vile mama mlezi alivyosema. Lesi hakuna. Bei ya kitambaa imeshuka chini ya nusu ya sare iliyopita, na wale wawili walioondoka kwa sababu ya michango nimewapigia simu. Vipimo nachukua Jumamosi baada ya mazoezi, mkiwa mmevuta pumzi. Sauti ya nne, wanaume wa besi, nanyi mje mapema, msiningoje mpaka wiki ya mwisho, shati la mwanaume lenye kola ya kusimama lina kazi.