Shamba la nyuma ya nyumba Minnesota, kabla udongo haujaganda

Watu wa nyumbani wakisikia theluji imeanza kuanguka Minneapolis, huuliza tunakula mboga gani sasa. Tunakula sukuma wiki, tena Novemba ndiyo sukuma yenyewe. Sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ikilipiga jani usiku mara mbili tatu, linakuwa tamu. Mmea ukihisi baridi hujaza sukari kwenye maji yake ili yasigande upesi, na ule uchungu wa Agosti unapotea. Kwa hiyo ukiona nyasi zimekuwa nyeupe asubuhi, usikimbilie kung'oa. Chuma alasiri, majani yakiwa yameyeyuka yakasimama tena. Ukiyashika yakiwa yameganda, yatavunjika na kulegea mkononi. Usiku ukitangazwa kuwa wa baridi kali zaidi, funika matuta kwa shuka kuukuu. Ikifika Desemba shuka haifui dafu. Hapo chuma zote, katakata, zichovye kwenye maji yanayochemka dakika mbili hadi tatu, zipoze, utie kwenye friza.

Managu na saga, mboga zetu za kienyeji, hazina ustahimilivu huo. Zinakufa sakitu ya kwanza tu, ambayo huku kwa kawaida huja Oktoba, na sisi watu wa Kisii tuliojaa Brooklyn Park, kando ya Minneapolis, na mitaa ya jirani huwa tunazililia kidogo. Mabua yake yakate usawa wa udongo, mizizi iache ioze humo humo. Mbegu ulizokausha zitie kwenye chupa kavu, uandike jina na mwaka. Nasema uandike kwa sababu mbegu za managu na za mchicha ni ndogo, na kufikia Mei utakuwa unabishana na mwenzako mezani.

Sasa kitunguu saumu, maana hiki ndicho kinachonifanya niupende msimu huu ambao wengine wanauona wa kukaa ndani na kulalamika. Kinapandwa Oktoba, na ukichelewa bado unaweza mapema Novemba mradi jembe linaingia. Kinaitaka baridi. Punje isipopitia majuma ya baridi ardhini, mara nyingi inakua bila kugawanyika, unavuna kitunguu kimoja cha duara kisicho na punje ndani. Nunua mbegu kwa wakulima wa huku, aina yenye shina gumu katikati, kwa sababu kile cha dukani huenda kimetoka sehemu yenye joto au kimezuiwa kuchipua. Tenganisha punje bila kuzimenya, uchague kubwa. Zipande sentimita 5 hadi 7 kwenda chini, ncha juu, zikiachana sentimita 15. Kisha tandaza mabua ya ngano juu yake, unene wa kiganja kizima. Mabua hayo hayazuii udongo kuganda. Yanazuia usigande na kuyeyuka kila siku mbili, maana huko kupanda na kushuka ndiko kunakozisukuma punje juu. Theluji ikija juu yake, vizuri zaidi, kwani ni blanketi. Baridi kavu isiyo na theluji ndiyo inayoua mimea. Utavuna Julai.

Majani ya miti usiyalipie. Majirani wanayajaza kwenye mifuko na kuyaweka kando ya barabara yachukuliwe, nami huomba ruhusa nikayabeba ya kutandaza kwenye matuta. Yapitishe chini ya mashine ya kukata nyasi kwanza, la sivyo yatalala kama mkeka uliolowa na maji hayatapita.

Bomba la nje lifungie ndani ya nyumba, kisha fungua koki ya nje maji yote yatoke, na mpira wa maji uutoe kabisa. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba litapasuka ukutani, wewe ujue Aprili. Mtufaha mchanga uzungushie wavu wa waya, uende juu kuliko theluji itakavyofika, maana sungura wa huku wakikosa kitu kingine wanakula gamba kuuzunguka mti wote hadi ufe. Na ile theluji ya njia ya gari, yenye chumvi, usiirushe kwenye matuta.

Yote haya yafanye wikendi. Saa zikishabadilishwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, jua linazama karibu saa kumi na moja, na Desemba saa kumi na nusu. Sisi wa zamu za mchana tunarudi gizani.

Ukishindwa kukaa bila kijani, dirisha linaloelekea kusini linatosha kwa dania na mnanaa kwenye mikebe. Sukuma usiilete ndani. Hata ukiiosha jani kwa jani, vidukari watakuwa wamekuja nayo, na Januari utawakuta hadi kwenye pazia.