Dawa na mazungumzo: ninavyoishi na skizofrenia

Nina skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo kweli, na kazi yangu ni ushonaji. Nilianzishiwa haloperidol nilipolazwa. Dawa hii inazuia kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, na baada ya wiki kadhaa kelele za kichwani zikapungua, nikaanza kula chakula cha mama bila kuhofia sumu. Lakini dawa ilikuwa na madhara: viungo vilikakamaa, mikono ikatetemeka hadi uzi ukagoma kupita kwenye tundu la sindano. Nikamweleza daktari, akapunguza dozi na kuniongezea benzhexol, dawa ya kutuliza kukakamaa na kutetemeka huko. Mwenzangu, usinyamaze na madhara ya dawa. Wengi wanaziacha kimyakimya kwa sababu hiyo, na ugonjwa unarudi.

Ila sauti moja ilibaki, ya mwanamume, ikisema wateja wananidhihaki. Hapo ndipo nilipopelekwa kwa mwanasaikolojia. Hakubishana nami wala hakunambia sauti haipo. Alinipa daftari niandike sauti imekuja saa ngapi, imenikuta nafanya nini, imesema nini, na kuna ushahidi gani. Ukurasa mmoja unasomeka hivi: “Saa nane mchana, nakata kitambaa cha sare. Imesema yule mama amekuja kuniumbua. Amecheka, ni kweli, lakini alikuwa kwenye simu. Tena amelipa kianzio na kuniletea wanawe niwapime.”

Kurasa zilipoongezeka tukaona sauti inapanda nisipolala vizuri. Siku hizi ikianza nasoma vipimo vya mteja kwa sauti, au naimba kaswida taratibu, nayo inafifia. Haya yote yasingewezekana mwanzoni, maana ningeamini mwanasaikolojia mwenyewe katumwa. Dawa ndiyo iliyoniwezesha kukaa kwenye kile kiti na kusikiliza.

Dada yangu naye aliitwa, akaelezwa ugonjwa ni nini. Tuliandika pamoja dalili zangu za kurudia: kukesha, kukataa chakula, kufunika simu kwa kitambaa. Akiziona ananiambia, “Kaka, twende kliniki,” bila ugomvi, na mimi nilishamuahidi nitakwenda.

Sasa nachomwa kila mwezi sindano ya fluphenazine, dawa ya skizofrenia inayofanya kazi mwilini kwa wiki kadhaa. Niliomba siku ya sindano iwe ndiyo siku ya mazungumzo, nauli isinishinde. Kama kwenu hakuna mwanasaikolojia, muulize muuguzi wa afya ya akili kama anaweza kukaa nawe na daftari.