Kompyuta kuukuu na hewa ya chumvi Tanga

Hapa Tanga, hasa nyumba za Raskazone zinazopigwa na upepo wa bahari, chumvi huua kompyuta kabla ya uzee. Ikigoma kuonyesha picha huku feni zinazunguka, usikimbilie kununua ubao mama mwingine. Chomoa umeme, toa rami (kipande cha kumbukumbu ya muda, RAM), sugua meno yake taratibu kwa ufutio laini, kisha yapanguse kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Mara nyingi kinachozuia mguso ni uchafu huo tu. Pima na betri ya CR2032, ile ndogo ya duara kwenye ubao mama inayotunza saa: mpya ina volti 3. Ikichoka, saa hurudi nyuma miaka, na tovuti hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama huonekana havijaanza kutumika.

Mashine ikishapona, igeuze hazina ya filamu na muziki wa nyumba nzima. Unahitaji Debian (mfumo endeshi wa Linux) isiyo na eneokazi, yaani bila skrini ya madirisha, rami ya GB 4, SSD (diski ya kasi) ndogo ya mfumo, na diski kubwa ya mafaili iliyopangwa kwa ext4, muundo wa diski wa Linux. Weka Jellyfin, programu ya kurusha filamu na muziki kwenye vifaa vya nyumbani, kisha kwenye kivinjari cha simu fungua anwani ya mashine, mlango (port) 8096. Maktaba ikionekana tupu, kagua ruhusa: mtumiaji wa mfumo aitwaye jellyfin lazima aweze kusoma folda zote.

Kwa prosesa, tafuta Intel ya kizazi cha 7 yenye chipu ya michoro ndani yake. Ya 6 haifungui vizuri HEVC ya biti 10 (aina ya video iliyobanwa) kwa chipu hiyo, hivyo kazi yote huangukia prosesa yenyewe na filamu hukwama. Tofauti hiyo inastahili kulipiwa.