Vim sasa inakagua tahajia ya Kiswahili

Jamani, hatimaye! Kila nilipoandika Kiswahili kwenye Vim, programu ya kuhariri maandishi, ukurasa mzima uligeuka mwekundu. Hata "nitakapofika" ilihesabiwa kosa. Nilipoweka spelllang=sw (mpangilio unaoiambia Vim lugha ya kukagua), nikajibiwa kwamba sw.utf-8.spl haionekani.

Nikashusha mafaili mawili ya kamusi, sw_TZ.aff na sw_TZ.dic, yale yale yanayotumika na programu ya ofisi LibreOffice, nikayaweka ndani ya folda ya ~/.vim/spell. Bado. Vim haiyasomi hivyo yalivyo. Lazima kwanza yageuzwe kuwa faili moja la .spl. Nikaligeuza, nikaliita "kiswahili" ili nilikumbuke. Ujumbe ukawa ule ule, na jioni yangu ikaishia hapo.

Tatizo lilikuwa jina. Vim huchukua neno uliloliweka kwenye spelllang, ikaongeza usimbaji (namna herufi zinavyohifadhiwa, hapa utf-8), kisha ikatafuta faili lenye jina hilo hilo, herufi kwa herufi. Mimi niliagiza "sw" wakati faili linaitwa kiswahili.utf-8.spl. Basi nikarudia:

:mkspell ~/.vim/spell/sw ~/.vim/spell/sw_TZ

Likazaliwa sw.utf-8.spl. Kisha kwenye vimrc, faili la mipangilio ya Vim:

set spell spelllang=sw,en

Wekundu ukatoweka karibu wote. Tanguliza sw, kwa sababu ukibonyeza zg juu ya neno sahihi lisilomo kwenye kamusi, huhifadhiwa kwenye sw.utf-8.add. Mimi nimeanza kuingiza majina ya mitaa na samaki wetu: changu, kolekole, nguru.