Siku moja na Baba: kutoka mifongo ya Uru hadi majaruba ya Mabogini

Mzee wa Kichaga haendi "kutembea". Ukimwambia, "Baba, Jumatano twende tukapunge upepo," atakuuliza nani kafariki. Nimeshajifunza: ukitaka kumtoa nje ya kihamba, shamba lake la nyumbani, mpe kazi. Nami kazi ninayo. Ninaongoza wageni matembezi ya siku moja kuzunguka Moshi, na kila kabla ya kuwapeleka napita njia mwenyewe kwanza, kuona kama kuna mti ulioanguka au tope lisilopitika. Nikamwambia namhitaji mtu wa kuniangalizia njia, hasa upande wa maji. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

Saa 12:00 asubuhi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko wazi kabisa, haina hata wingu. Nampigia hodi, hayupo ndani, yuko kwenye mfongo, mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, anaangalia kama waliomaliza zamu usiku wamefunga vizuri maji ya kuingia vihambani mwao. Miaka mingi amekuwa kwenye kamati ya mfongo wetu, na hata sasa wakati wa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, hakuna anayethubutu kuchimba mchanga bila yeye kuonyesha wapi. Mama ametuachia mtori. Tunakula wima. Baba amevaa mabuti, koti la mtumba na kofia ya kanisani, na ameshika panga. Tunabishana kuhusu panga. Linabaki, fimbo inakuja.

Saa 1:30. Hiace ya Uru kwenda mjini. Konda anamwita meku, yaani mzee, anampa kiti cha mbele. Mimi nimebanwa nyuma na ndoo ya parachichi ya mtu.

Saa 3:00. Msitu wa Rau. Kwa asiyeujua: ni hekta kama 570 za msitu wa asili wa hifadhi, karibu kabisa na mji, unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Watu wa Moshi wengi hawajawahi kuingia, ingawa wageni wanatoka ng'ambo kuja kuuona. Baba aliposikia kuna kiingilio akasimama. "Tunalipa kuangalia miti?" Nikamwambia ni gharama za kazi. Akaingia.

Nilidhani atawapenda mbega. Walikuwepo, familia nzima juu yetu, mikia myeupe inaning'inia, na mgeni yeyote angepiga picha mia. Baba aliwatazama kidogo akasema kule juu walikuwa wengi zamani, basi. Kilichomsimamisha ni mvule. Ule mkubwa, ambao kila kiongozi wa matembezi hapa anawapeleka watu kuuona. Akauzunguka, akaugonga kwa fimbo, akaanza kuhesabu kwa sauti mbao, milango na vitanda. Nikamkumbusha tuko hifadhini. "Kuhesabu si kukata, mama." (Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, na pia, nashuku, kwa sababu inamaliza ubishi.)

Nikamwonyesha na msoo, mti ambao huwezi kuupata sehemu nyingi duniani. Huo aliuheshimu bila kuuhesabu.

Saa 5:00. Tumefika penye maji, na hapo ndipo saa zangu ziliharibika. Mimi na wageni eneo hili hupita kwa dakika kumi. Baba alikaa chini, akavua mabuti, akatumbukiza miguu. Wageni huniuliza kila mara kama haya ni maji ya barafu ya Kilimanjaro. Nilikuwa na jibu langu la kitaalamu, lakini nikamwachia yeye. Akacheka. Barafu ile ni kidogo mno, alisema. Maji yanatoka msituni, pale juu ya vihamba, ambapo mvua na ukungu havikatiki. Msitu unayanywa polepole, unayaachia polepole, mengine yanapita chini kwa chini na kuibukia huku bondeni. Ni kweli hivyo hivyo: sehemu kubwa ya mvua ya mlima huangukia kwenye ukanda wa msitu, si kileleni. Yeye hakusoma popote, ameona tu mfongo unavyobadilika msitu ukiguswa.

Tulikaa sana. Hatukuongea mengi. Nilituma ujumbe mmoja ofisini kusema njia iko salama, nikazima simu.

Saa 7:00. Majarubani, kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini. Jua kali, na tofauti ya joto na nyumbani utadhani tumevuka mikoa. Mradi huu wa umwagiliaji ulijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, ukalenga hekta 1,100 za mpunga kwa maji ya mto Rau na chemchemi za Njoro. Baba alikagua kila kitu. Mfereji wa zege: "Hauvuji, lakini nani anausafisha?" Mageti ya chuma: moja halifungi, akalipiga fimbo.

Kina mama walikuwa wanapandikiza, wameinama mstari mmoja, miche mkononi. Mmoja akanyoosha mgongo, akamwamkia Baba shikamoo, akauliza tumetoka wapi.

"Uru."

"Aa. Ninyi ndio mnaokunywa kwanza."

Wenzake wakacheka. Baba hakucheka. Akaanza kujitetea: mfongo ni wa udongo, unavuja, na kile kinachovuja ndicho kinachowafikia huku. Mama yule akamsikiliza kwa adabu zote, kisha akamwelezea kwa utulivu jinsi mradi ulipofanikiwa, wa juu ya banio, pale maji ya mto yanapokingwa kuingia mferejini, nao wakaupenda mpunga, wakafungua mashamba yao, na wa chini wakaanza kupangiana zamu, mengine yakibaki makavu. Akamwonyesha kwa kidole majaruba yaliyolala bila kitu. "Hayo hapo, mzee. Hayasubiri mvua. Yanasubiri zamu."

Katika miaka yangu yote sijamwona Baba akikosa jibu kuhusu maji. Aliuliza zamu yao inazunguka kwa siku ngapi, nani anaandika, anayeiba anatozwa nini. Wakazungumza kama watu wa kazi moja. Mimi nikakaa kivulini nikila wali na samaki kwa mama ntilie, na nikaagiza sahani ya pili, ya Baba, ambayo ilipoa.

Saa 9:30. Tumenunua mchele, bei nzuri kuliko sokoni. Bajaji hadi mjini, Hiace, foleni, mlima umeshafunikwa.

Saa 12:00 jioni. Mbege kwa jirani. Nilitegemea atawasimulia mbega. Aliwasimulia geti lisilofunga. Halafu akauliza mbele ya watu wote kwa nini mfongo wetu unaachwa wazi usiku baada ya zamu ya mwisho, wakati hakuna anayemwagilia. Mzee mmoja akasema imekuwa hivyo siku zote. Wakabishana mpaka kata ikazunguka mara kadhaa, na mimi nikaondoka nikiwa nimechoka kuliko siku za wageni.

Saa 3:00 usiku. Baba anapiga simu. Kamati inakutana Ijumaa, na anataka nimwandikie karatasi ya zamu yenye mistari iliyonyooka, kama ile aliyoiona Mabogini.